“Mtandao Unasumbua”: Seva Pepe na Huduma Isiyokatika

Mwezi Mei mwaka 2021, kwa siku kadhaa, wateja wa LUKU katika maeneo mengi ya nchi yetu walikuwa na fedha mkononi lakini wakashindwa kununua umeme. Mabwawa yalikuwa na maji, nyaya zilikuwa nzima juu ya nguzo, na mita zilikuwa mahali pake ukutani. Kilichokosekana ni tarakimu 20 za tokeni, ambazo hutolewa na mfumo wa kompyuta. Nyumba ziliingia gizani, saluni zikafungwa na mashine za kusaga zikanyamaza, ilhali umeme wenyewe ulikuwapo.

Tukio lile lilihusu umeme, lakini huduma nyingi tunazozipata kutoka serikalini sasa zinategemea mitambo ya aina hiyohiyo. Leseni ya biashara huombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Malipo ya Serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba inayotolewa na mfumo wa GePG, ulioanza kutumika mwaka 2017. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri huandikisha wagonjwa katika mfumo wa GoTHoMIS, na hesabu za fedha za vituo hivyo na za shule huandikwa katika mfumo wa FFARS. Pale Rusumo na Kabanga, lori haliwezi kuvuka mpaka kabla nyaraka zake hazijapita katika mifumo ya forodha. Mwananchi haioni mifumo hii. Hukutana nayo dirishani pale tu inapokwama, kwa sentensi moja ambayo kila mmoja wetu ameisikia: “Mtandao unasumbua, njoo kesho.” Kwa aliyetoka Murusagamba au Nyantakara kwa bodaboda, hiyo “kesho” ni nauli nyingine na siku nyingine ya kazi iliyopotea. Kwa mama aliyembeba mtoto mwenye homa, ni jambo zito zaidi ya nauli.

Sentensi hiyo huyaita magonjwa mengi kwa jina moja, kama zamani kila homa ilivyoitwa malaria. Pengine mtandao hauna kosa lolote. Pengine umeme wa ofisini umekatika, au mkongo umechimbwa na watengeneza barabara, au seva yenyewe imezima. Makala haya yanaeleza hasa ugonjwa huo wa mwisho, kwa kuwa dawa yake inajulikana na imethibitika, nayo ni teknolojia ya seva pepe. Hata hivyo, mkazi anayetoa maoni juu ya bajeti ya halmashauri yake anapaswa kujua pia dawa hiyo inafika wapi na inaishia wapi.

Seva na sababu za kuzima kwake

Seva ni kompyuta, ila kazi yake ni kujibu maombi ya kompyuta nyingine na ya simu usiku na mchana. Mara nyingi haina kioo wala kibodi. Hukaa katika kabati la chuma, ndani ya chumba chenye kiyoyozi na mlango unaofungwa. Ndani yake mna vitu vinavyochakaa kama vinavyochakaa vya gari: feni zinazozunguka bila kupumzika, diski zinazoandikwa na kufutwa mamilioni ya mara, na kifaa cha kupokea umeme ambacho hupigwa kila umeme unaporudi kwa kishindo. Ongeza vumbi la kiangazi na radi za masika, na si ajabu kwamba seva nzuri yenye bei kubwa hufa siku moja bila taarifa.

Kwa miaka mingi desturi ya mafundi ilikuwa mfumo mmoja, mashine moja. Hawakuwa wajinga. Programu mbili zikikaa katika kompyuta moja hugombana: moja inataka toleo hili, nyingine inataka toleo lile, na moja ikikwama humwangusha mwenzake. Kwa hiyo taasisi ilinunua seva ya mishahara, seva ya barua pepe, seva ya mapato na seva ya majalada. Kila moja ilifanya kazi kidogo na kukaa bure saa nyingi, na kila moja ilikuwa mtoto wa pekee. Ilipokufa, fundi alitafuta kipuri Mwanza au Dar es Salaam, akasimika upya mfumo endeshi, akasimika upya programu, kisha akarudisha data kutoka katika nakala, kama nakala ilikuwapo. Kazi hiyo ilichukua siku, na siku zote hizo dirishani palisemwa mtandao unasumbua.

Nyumba moja, wapangaji wengi

Neno “pepe” tumelizoea katika barua pepe: barua isiyo na karatasi, lakini ni barua kweli, inaandikwa na kufika. Seva pepe nayo haina chuma chake yenyewe, lakini ni seva kweli. Fundi huchukua kompyuta moja yenye nguvu na kusimika ndani yake programu simamizi, ambayo mafundi huiita haipavaiza. Programu hiyo huigawa mashine kama mwenye nyumba anavyogawa nyumba yake kuwa vyumba vya kupangisha. Kila mpangaji ana mlango wake, ufunguo wake na mita yake. Mpangaji wa chumba cha kwanza hajui kinachopikwa chumba cha pili, na akiungua sufuria, moshi hauvuki ukuta. Vivyo hivyo, mfumo wa mapato ukikwama ndani ya seva pepe yake, mfumo wa majalada ulio katika seva pepe ya jirani unaendelea na kazi.

Wazo hili si jipya. Kampuni ya IBM ililifanyia kazi nchini Marekani katika miaka ya 1960, wakati kompyuta moja ilijaza chumba na watu wengi walilazimika kuitumia kwa pamoja. Baadaye kompyuta zikawa ndogo na rahisi, wazo likalala, hadi kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilipolirudisha katika seva za kawaida. Mwaka 2007 uwezo huo, kwa jina la KVM, uliingizwa ndani ya Linux, mfumo endeshi usiolipiwa leseni. Hili si jambo dogo kwa taasisi yenye bajeti finyu. VMware ilinunuliwa na kampuni ya Broadcom mwishoni mwa mwaka 2023, namna ya kuuza leseni zake ikabadilishwa, na taasisi nyingi duniani zimelazimika kupiga upya hesabu zao. Aliyejenga juu ya programu huria hakuguswa na mabadiliko hayo.

Faida ambayo watu huitaja kwanza ni kupunguza gharama: mashine tatu badala ya kumi, umeme mdogo, chumba kidogo. Ni kweli, lakini kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida ndogo. Faida kubwa ni kwamba seva pepe nzima, pamoja na mfumo endeshi wake, programu zake na mipangilio yake yote, ni faili tu. Faili hunakiliwa. Faili huhamishwa. Chuma kikifa, mpangaji hafi nacho, maana anaweza kuhamia nyumba nyingine na vyombo vyake vyote, mradi nyumba nyingine iwepo.

Na hapo penye neno “mradi” ndipo taasisi nyingi hujikwaa. Mtu huuziwa seva moja kubwa, hukusanya mifumo yake minane ndani yake, na kuambiwa kwamba sasa ana teknolojia ya kisasa. Alichofanya ni kuwaweka wapangaji wanane chini ya paa moja. Zamani mashine moja ikifa mfumo mmoja ulizima na saba ikabaki. Leo mashine hiyo ikifa, yote minane inazima kwa sekunde moja. Seva pepe ndani ya mashine moja peke yake haiongezi uhakika wa huduma, bali huupunguza. Atakayeletewa zabuni ya namna hiyo katika Baraza la Madiwani ana haki ya kuuliza: mashine ya pili iko wapi?

Mafiga matatu

Uhakika huanza pale mashine kadhaa zinapofungwa pamoja kuwa kundi. Tuchukue mfano wa taasisi yenye seva tatu. Kila moja huwapelekea wenzake ujumbe mfupi kila baada ya muda mdogo kusema “nipo”. Mafundi huuita ujumbe huo mapigo ya moyo. Mapigo ya mashine ya kwanza yakikoma, zile mbili husubiri kidogo kuhakikisha, kisha huwawasha kwao wapangaji wa mashine iliyonyamaza. Hakuna fundi aliyeamshwa usiku, na hakuna aliyesafiri. Huduma hukatika kwa dakika chache tu, muda wa seva pepe kuwaka upya, badala ya siku tatu. Ni vyema tusidanganyane hapa: dakika hizo chache zipo, na aliyekuwa katikati ya kuandika fomu huenda akalazimika kuianza upya.

Kwa nini tatu na si mbili? Tuseme ni mbili, na waya unaoziunganisha umekatika. Kila moja haisikii mapigo ya mwenzake, na kila moja inaamini mwenzake amekufa. Zote mbili huwasha mpangaji yuleyule, na zote mbili huanza kuandika katika daftari lilelile. Malipo moja huandikwa mara mbili, jalada moja huwa na kurasa mbili zinazopingana, na kuzitenganisha baadaye ni kazi ya machozi. Hali hii ni mbaya kuliko kuzima. Zikiwa tatu, kuna kura: upande wenye mbili ndio wenye mamlaka, na ile moja iliyotengwa hujizima yenyewe. Wahenga walisema figa moja haliinjiki chungu, na kila anayepika kwa kuni anajua kwamba hata mawili chungu huyumba. Taasisi isiyoweza kununua mashine tatu kubwa inaweza kununua mbili kubwa na kifaa kidogo cha tatu, ambacho kazi yake ni kupiga kura tu.

Kuna masharti mengine mawili ambayo hayaonekani kwa macho lakini ndiyo hubeba mzigo. La kwanza ni data. Mpangaji hawezi kuamkia nyumba ya pili kama vyombo vyake vimefungiwa katika nyumba iliyoungua. Kwa hiyo faili za seva pepe huwekwa katika hifadhi ya pamoja inayofikiwa na mashine zote, au huandikwa katika diski za mashine zaidi ya moja kwa wakati uleule. Na ikiwa hifadhi ya pamoja ni kabati moja tu, basi kabati hilo nalo limekuwa mtoto wa pekee.

La pili ni nafasi. Mfano wake tunao hapa kwetu. Mtambo wa umeme wa Rusumo katika Mto Kagera, unaomilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi, una mashine tatu zenye jumla ya megawati 80. Mashine moja ikisimama kwa matengenezo, mbili zinaendelea, lakini haziwezi kutoa 80, kwa kuwa kila moja ina kipimo chake. Zitatoa kama 53. Seva zina kanuni hiyohiyo. Kundi la mashine tatu, kila moja ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 128, lina jumla ya gigabaiti 384. Anayezijaza zote 384 kwa wapangaji hana mahali pa kuwapokea wakimbizi siku mashine moja itakapokufa. Asivuke 256. Theluthi moja inayokaa wazi huonekana kama ubadhirifu machoni pa mkaguzi asiyeelezwa, lakini ndiyo hasa bima iliyolipiwa.

Matengenezo bila kufunga dirisha

Wakazi wa Ngara na Biharamulo wanaikumbuka miaka ya majenereta ya dizeli, kabla ya wilaya hizi kuunganishwa na gridi ya Taifa. Jenereta lilihitaji kubadilishwa oili. Mji wenye jenereta moja ulikaa gizani wakati wa kazi hiyo. Wenye mawili ulizima moja na kuendelea na jingine. Seva nazo zina oili yake: masahihisho ya usalama yanayotolewa kila mara, diski za kubadilishwa, kumbukumbu ya kuongezwa. Fundi anayeogopa kuzima huahirisha kazi hiyo mwezi hadi mwezi, na mfumo usiosahihishwa ndio mlango wanaoupenda wezi wa mitandaoni.

Seva pepe huondoa woga huo kwa njia ya kuvutia. Mpangaji huweza kuhamishwa kutoka mashine moja kwenda nyingine akiwa kazini. Programu simamizi hunakili kumbukumbu yake huku akiendelea kufanya kazi. Kurasa zilizobadilika wakati wa kunakili hunakiliwa tena, kisha zile chache zilizobadilika baada ya hapo, hadi kinachobaki ni kidogo sana. Hapo mpangaji husimamishwa kwa sehemu ndogo ya sekunde na kuamka upande wa pili. Mhudumu wa dirishani hajui kilichotokea. Mashine iliyoachwa wazi huzimwa na kufanyiwa matengenezo mchana kweupe. Mtu akitaka kujua kama taasisi ina uhakika wa kweli wa huduma, aulize ni lini mara ya mwisho walizima mashine moja kwa makusudi. Kundi ambalo halijawahi kujaribiwa ni tumaini tu.

Hesabu ya siku 18

Hadi hapa msomaji anaweza kuamini kwamba, tukishakuwa na kundi la seva pepe, sentensi ya “njoo kesho” itasahaulika. Hesabu inasema vingine, na inafaa kuifuata polepole.

Mwaka una saa 8,760. Kifaa kinachopatikana kwa asilimia 99 kinaonekana kizuri, lakini asilimia 1 iliyobaki ni saa 87 na nusu, yaani zaidi ya siku 3 na nusu kwa mwaka. Kwa asilimia 99.9 tunapoteza saa 8 na robo tatu. Kwa asilimia 99.99 tunapoteza dakika 53. Sasa, huduma ya dirishani haitegemei kifaa kimoja. Inahitaji umeme wa ofisini, vifaa vya mtandao vya ofisini, njia ya mawasiliano ya mbali, seva na hifadhi ya data. Ni vitu vitano, na vyote lazima viwe hai kwa wakati mmoja. Kila kimoja kikiwa na asilimia 99, huduma nzima inapata takribani asilimia 95 tu. Mkazi atakuta dirisha limekwama kwa jumla ya karibu siku 18 kwa mwaka.

Tuiponye seva. Mashine mbili zenye asilimia 99 kila moja, ambapo yoyote kati yake inatosha, hutoa asilimia 99.99, kwa kuwa ni nadra zote mbili kufa kwa pamoja, ilimradi hazishiriki kitu kimoja kinachoweza kuziua, kama vile waya mmoja wa umeme. Ni mafanikio makubwa. Lakini vile vitu vinne vingine vikibaki kama vilivyokuwa, zile siku 18 zinapungua hadi kama 14 na nusu tu. Tukiongeza betri za akiba na jenereta kwa upande wa umeme, na njia ya pili ya mawasiliano, tunashuka hadi siku kama 7. Asilimia hizi ni za mfano, kila ofisi ina zake, lakini umbo la hesabu halibadiliki: mnyororo hukatika penye pete dhaifu, na kuinunulia dhahabu pete ambayo tayari ni imara hakusaidii mtu.

Njia panda ya Nyakanazi

Pete dhaifu kwa wilaya zilizo mbali na bahari mara nyingi ni njia. Kila dereva wa lori anaifahamu Nyakanazi. Magari yatokayo Kahama, Kigoma, Biharamulo na Rusumo hukutana pale, na lori moja likianguka mahali pabaya, msururu hukua pande zote bila kujali ubora wa magari yaliyo kwenye foleni. Data nazo hupita barabarani. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, umefika katika mipaka yetu ya Rusumo na Kabanga na kuiunganisha nchi na Rwanda na Burundi. Mkongo ukikatwa na jembe la greda mahali ambapo hakuna njia ya mzunguko, seva iliyo hai kabisa Dodoma au Dar es Salaam kwetu ni sawa na maiti.

Jambo hili limeonekana hata kwa nchi nzima. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na SEACOM, ilipata hitilafu, na intaneti ikadhoofika Tanzania na katika nchi jirani. Ndiyo maana ni muhimu mifumo ya umma ikae katika vituo vilivyomo ndani ya nchi, kama Kituo cha Taifa cha Data kilichopo Dar es Salaam, ili ombi la mkazi wa Rulenge lisilazimike kuvuka bahari na kurudi. Mamlaka ya Serikali Mtandao, chini ya Sheria ya Serikali Mtandao Na. 10 ya mwaka 2019, ndiyo yenye jukumu la kuratibu na kusimamia mambo haya kwa taasisi za umma.

Historia ya GoTHoMIS inaonyesha vizuri ugumu wa kuchagua. Awali mfumo huo ulisimikwa katika seva ndani ya kituo chenyewe cha afya. Mtandao wa nje ukikatika, daktari aliendelea kusoma jalada la mgonjwa. Lakini seva ya kituo ikifa, kilichokuwamo kilikuwa hatarini kufa nayo. Baadaye likaja toleo linalounganishwa katikati. Seva za katikati zinaweza kulindwa kwa makundi ya mashine, majenereta na mafundi wa zamu, mambo ambayo zahanati haiwezi kuyapata, na mgonjwa anaweza kufuatiliwa anapopewa rufaa. Gharama yake ni kwamba sasa njia ikikatika, kituo hakisomi. Tumehamisha udhaifu kutoka chumba cha seva kwenda barabarani. Naona ni hatua sahihi, lakini ni sahihi kikamilifu pale tu kituo kinapokuwa na laini ya pili ya mawasiliano, hata ya simu ya mkononi, pamoja na rejista ya karatasi inayotunzwa vizuri kwa saa za dharura.

Nakala ni jambo jingine

Kuna kosa ambalo hata wataalamu hulifanya: kudhani kwamba data iliyoandikwa katika mashine tatu haihitaji nakala. Mashine tatu huandika kwa pamoja, na hivyo hufuta kwa pamoja. Karani akifuta jalada kwa bahati mbaya, limefutika kotekote katika sekunde ileile. Programu ya wahalifu ikifunga faili, imezifunga zote. Nakala hifadhi ni kitu kilichochukuliwa jana, kikawekwa mahali pengine, katika jengo jingine, na ambacho leo hakiguswi.

Tarehe 26 Septemba 2025 moto uliosababishwa na betri uliwaka katika kituo cha data cha Serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Mifumo 709 ya Serikali ilizimwa. Nchi hiyo ni miongoni mwa zilizoendelea sana duniani kwa serikali mtandao, na mifumo mingi ilirudishwa hatua kwa hatua. Lakini hifadhi kubwa ya majalada ya watumishi wa umma haikuwa na nakala nje ya jengo lile, ikapotea. Kundi la seva hulinda huduma dhidi ya kifo cha mashine. Dhidi ya kifo cha jengo, kinacholinda ni umbali.

Umbali huo nao una sharia zake. Nakala ya majalada ya wagonjwa ni majalada ya wagonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inayahusu yote mawili. Diski ya nakala haipaswi kuzurura katika begi la mtu.

Dirisha linapokwama

Mkazi hawezi kutengeneza seva, lakini anaweza kusaidia ugonjwa ujulikane. Unapoambiwa mtandao unasumbua, uliza kwa upole: ni umeme, ni mtandao wa ofisi hii, au ni mfumo wenyewe? Ikiwa ofisi jirani inatumia mtandao vizuri, tatizo huenda ni la ndani ya jengo. Ikiwa mtandao upo na mfumo mmoja tu haufunguki, huenda ni seva. Andika tarehe, saa na jina la huduma, kisha mpe taarifa Mtendaji wa Kata. Taarifa kumi zenye saa zinamsaidia fundi kuliko malalamiko mia yasiyo na saa, kwa kuwa saa hulinganishwa na kumbukumbu za mitambo.

Kwa ushuru, mashine za kukusanyia mapato huweza kutoa risiti hata pasipo mtandao na kutuma taarifa baadaye. Kwa hiyo kukosekana kwa mtandao si sababu ya kulipa bila risiti. Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimewahi kutaja mashine zilizokaa nje ya mtandao kwa muda mrefu, na katika muda wa namna hiyo fedha ya umma huwa hatarini. Dai risiti yako, iwe unauza maharage mnadani au unapitisha ndizi kizuizini.

Kwa malipo yenye tarehe ya mwisho, usisubiri siku yenyewe. Omba kumbukumbu namba mapema, na ukikwama, hifadhi ujumbe wa simu unaoonyesha kwamba ulijaribu. Na bajeti ya TEHAMA itakapojadiliwa katika vikao vya kata na vya halmashauri, maswali ya kuuliza yako wazi: mashine ni ngapi, theluthi ya nafasi imeachwa, hifadhi ni moja au mbili, nakala iko katika jengo gani, njia ya pili ya mawasiliano inapita wapi, na jenereta lina mafuta ya saa ngapi.